Taleri ya Lübeck Iliyorudi Inang'aa

Soko la sarafu za kale pale Lübeck lilifurika Jumapili ile, ukumbi unanuka kahawa na makoti yaliyolowa mvua. Kiwiko cha Wiebke kiligonga meza, sarafu yake ikaruka. Mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani akaidaka.

"Dada, ukitaka kunirushia kitu, nirushie namba ya simu."

"Nani kakwambia nakurushia wewe?" Wiebke akacheka, lakini namba akampa.

Jina lake Tjark, naye alikusanya fedha za kale za Lübeck, Hamburg na Bremen. Miezi minne simu haikupoa.

"Umekula, ua langu?"

"Nitakulaje na wewe hunyamazi?"

Hata Wiebke akamwazima taleri, sarafu kubwa ya fedha ya marehemu baba yake, yenye tai wa vichwa viwili, ili aipige picha. Miaka mingi ndani ya sanduku la mwaloni ilikuwa imeipa weusi wenye buluu, kama shingo ya njiwa.

Tjark akairudisha inang'aa kama kijiko kipya.

"Nimekusafishia, mpenzi."

Wiebke akaitazama, asiamini. Mtu wa sarafu hasafishi sarafu, maana weusi ule wa miaka ndio thamani yake; afadhali akatwe kidole. Tjark alipoondoka, akaipeleka dirishani. Bawa la tai huyu lilikuwa limelika. La yule wa baba lilikuwa na kila unyoya wake. Akapiga simu.

"Tjark, ya baba iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

"Usinifanye mtoto."

"Kuna mzee Bremen alikuwa na moja niliyoitafuta miaka kumi. Hakutaka kubadilishana ila na hiyo yako. Nikatafuta nyingine ya mwaka uleule. Nilidhani hutajua."

"Kwa hiyo ukaing'arisha nisiitambue, ukaona bora nikuone mjinga kuliko mwizi!"

Akakata simu.

Wiki ya pili Tjark alikuja mlangoni kwa Wiebke na suti nyeusi, pete, na taleri ya baba.

"Nimemrudishia mzee wa Bremen ile yake. Nikuoe, Wiebke."

Wiebke akaipokea taleri. Ndiyo yenyewe. Machozi yakamtoka.

"Ungeniomba ningekupa," alisema. "Hicho ndicho kinachoniuma, Tjark. Ningekupa, tena kwa furaha."

"Basi nisamehe."

"Nimekusamehe. Pete ondoka nayo."

Akafunga mlango polepole. Akasikia viatu vikishuka ngazi, vikasimama ghorofa ya pili. Mkono wake ukashika kitasa, ukakaa hapohapo, mpaka viatu vikaendelea kushuka.