Ufa Usiozibika

Asubuhi zetu zilianza kwa sauti mbili: cherehani yangu na kikohozi cha mama mkwe. Mimi nilishonea chumba cha mbele. Yeye alilala chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa hadi ukutani, maana alipenda kuegemea ukuta akisali.

Ukuta huo aliujenga mwanawe mdogo, shemeji yangu. Alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, kwa kuwa kuta zake zilinyooka kama ile kamba ya kupimia. Mume wangu alipofariki, Timazi ndiye aliyetutazama. Mungu amlipe.

Kisha ukuta ukapasuka.

Timazi aliuziba kwa saruji. Mvua zikapita, ufa ukarudi. Akaziba tena.

"Shemeji, unamwaga maji ya kufulia kwenye msingi," alinilaumu.

"Mimi nafulia uani. Waulize hata kuku."

"Kuku wako waongo kama wewe!"

Alicheka, lakini lilikuwa cheko la midomo tu. Fundi akiambiwa ukuta wake umepasuka, ni kama ametukanwa mbele za watu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. Akaubandika mawe kwa nje. Ukuta ukawa mnene, ukawa mzito, na ufa ukarudi vilevile.

Wakati huo alifika mtaani mwanamke mmoja, mtaalamu wa miamba. Alitembea na nyundo, akiokota mawe. Tulimwita Dada Mawe. Siku moja aliniletea mkoba wake uliochanika kwa uzito wa mawe hayo. Nilipokuwa nikiushona, aliuona ufa.

"Nani analala humu?"

"Mama mkwe."

"Mhamishe, dada. Leo."

Timazi alikuwapo. Akasimama. "Unasema sijui kujenga?"

"Umejenga vizuri, fundi. Kinachopasuka ni ardhi."

Mama mkwe akadakia kutoka kitandani, "Ardhi ameiumba Mungu. Nani wa kuipasua?"

"Aliyeiumba, mama, ameiumba itembee."

Timazi akaangua kicheko. "Itembee! Ina miguu mingapi?"

Dada Mawe hakukasirika. Aliinama, akaokota sakafuni vipande viwili vya kitambaa cha maua. Akaniuliza, "Hivi vilikuwa kitambaa kimoja?"

Nikavisogeza pamoja. "Ndiyo. Kingo zinakubaliana. Na ua lililokatika huku linaendelea kule."

"Basi umeshasema yote. Ukitazama ramani, pwani za mabara yaliyotenganishwa na bahari zinaoana kama kingo hizi. Hiyo peke yake haitoshi. Lakini miamba ya upande mmoja inaendelea upande wa pili, aina ileile, umri uleule. Hilo ndilo ua lako. Tena kuna mifupa ya mjusi wa kale, mnyama wa maji baridi. Imegeuka mawe. Imepatikana pande zote mbili za bahari kuu, na yeye hakuweza kuivuka."

"Alipanda meli," alisema Timazi.

"Hakupanda, fundi. Nchi zilikuwa moja, zikaachana. Na bado zinasogea. Tunafunga mitambo kwenye miamba, tunaipima kwa setilaiti. Mwendo wake ni kama kucha zinavyokua."

"Kucha! Sasa kucha inaua nani?"

"Gamba la dunia ni vipande vipande. Vinapovutana au kusuguana, miamba hukwama. Mkazo unajikusanya miaka na miaka. Ikijiachia ghafla, ndilo tetemeko."

Hapo nilielewa. Mshono uliobana sana huvumilia, huvumilia, kisha hufumuka wote mara moja.

"Nyumba hupasuka kwa sababu nyingi," aliendelea. "Lakini nimeufuata ufa huu. Unatoka kwenye ukuta, unakata uwanja, unavuka barabara, unaingia ghalani kwa jirani. Mstari mmoja. Usiniamini mimi, fundi. Amini kioo."

Akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kwa saruji ya Timazi mwenyewe. Ufa ukipanuka, kioo kitavunjika.

Kilivunjika. Nilikikuta kimegawanyika katikati.

"Jua limekipiga," alisema Timazi.

"Jua gani linaingia humu, shemeji?"

Akavitupa vipande nje. Mama mkwe naye aligoma kuhama. "Niukimbie ukuta wa mwanangu? Watu watasemaje?" Nikamwambia natoa godoro nje nilianike. Alipokwenda kuoga, nikalitandika chumba cha mbele, kando ya meza yangu ya kukatia. Alinuna, lakini akalala.

Alasiri Timazi akaja na mwiko na ndoo ya saruji.

"Umemhamisha mama kama vile nimejenga banda la mbuzi!"

"Shemeji, nakuomba. Usiingie humo."

"Naziba mara moja tu, kisha namrudisha mama mahali pake."

Nilisikia mwiko ukikwangua. Kisha sindano ya cherehani ikaanza kutetemeka, na mguu wangu haukuwa umekanyaga. Nikamvuta mama mkwe chini ya meza. Kishindo kikatoka nyuma. Vumbi likajaa.

Majirani walifukua kwa mikono. Yale mawe aliyoyaongeza ndiyo yaliyokuwa juu yake.

Tulimzika.

Dada Mawe alirudi, akawakusanya vijana waliofundishwa kazi na Timazi. Aliwaonyesha mstari wa ufa, wasijenge juu yake. Nyumba yetu wakaijenga upya mbali na ufa huo. Kuta fupi, zimefungwa pamoja kwa mkanda wa zege wenye nondo. Paa la mabati, jepesi. Kitanda mbali na dirisha na kitu chochote kizito. Tukajifunza pia kwamba ardhi ikitetemeka, unaingia chini ya meza imara na kukinga kichwa. Ikitulia, unatoka uwanjani, mbali na kuta.

Ardhi haikutusahau. Ilitetemeka tena mchana mmoja, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Ghala la jirani lililala chini. Sisi tulitoka chini ya meza wazima, tukasimama uwanjani. Mama mkwe aliitazama nyumba. Haikuwa na ufa.

"Hii aliijenga nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Wanafunzi wa Timazi, mama."

Akasogea, akaweka kiganja ukutani. Hakuuegemea.

"Umenyooka," alisema, na hapo ndipo alipolia.