Kiti cha Trekta la Mjomba

Jua lilikuwa linazama Mama Pacha alipofika karakana ya fundi kuchukua nati nne za magurudumu. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Lakini mumewe, aliyezoea kubeba magunia mawili kama anabeba mito, sasa hata kijiko kilimshinda. Siku ya tisa hiyo. Hana homa, hakohoi. Amechoka tu. Na kila alfajiri anaamka amechoka kuliko alivyolala.

"Shemeji," fundi akamtania, "mwenzako anaumwa, au amesikia mvua zinakuja?"

"Anaumwa," akajibu, macho chini.

"Mgonjwa gani analima hivyo? Leo asubuhi nilipita kwenu kukaza mkanda wa trekta. Mita ya saa za kazi inasoma sitini na tatu. Nilipoifunga ilikuwa sifuri!"

"Halijatoka bandani, fundi. Halina hata betri. Betri tunailaza chini ya kitanda, tunaogopa wezi."

Fundi akacheka. Kisha akaacha.

"Siku tisa," akasema polepole. "Saa saba kila siku..."

Akamkabidhi nati, akaanza kufunga mlango mapema.

Lilikuwa trekta dogo la bustani. Mjomba wa mumewe alipofariki, mjane wake aliwapa bure, likiwa na kutu mpaka kwenye usukani, na kuku wametaga chini ya boneti. Miezi miwili walihangaika nalo. Walikwangua kutu, wakabadilisha plagi na matairi, wakalipaka rangi, wakalifunga plau mpya na taa mbili, ili msimu huu walime bustani za watu. Kitu kimoja tu hakikuwepo tangu zamani: kiti. Mjomba aliliendesha amesimama, na ukoo mzima ulimcheka kwamba ana jipu lisilopona. Basi fundi akachomelea kiti. Akampima mumewe mgongo kwa kamba, kama anavyowapima wateja wake wote, ili msimu usimvunje kiuno.

"Kimemkaa kama shati," alijisifu siku ile.

Mama Pacha alipitia bandani. Alisukuma mlango, akasimama.

Harufu ya udongo mbichi.

Mvua haijanyesha miezi mitano.

Visahani vya plau, ambavyo havijagusa ardhi, viling'aa kwa kusuguliwa. Kwenye ekseli yalikuwa yamejisokota majani marefu, meusi, ambayo hakuyajua. Akanyoosha mkono, akagusa kiti.

Cha moto.

Kilikuwa kimelowa jasho pia. Jasho lile alilijua. Mashati ya mumewe alikuwa ameyafua miaka sita.

Hakupiga kelele. Alitoka taratibu, akarudishia mlango, akaenda nyumba ya tatu, kwa mkaza mjomba, yule mjane aliyewapa trekta. Alimkuta barazani anachambua maharage, macho hayaoni vizuri tena, vidole ndivyo vinavyoona.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Lile trekta..."

Vidole vikasimama.

"Mliweka kiti?"

Yule bibi akaisukuma sinia pembeni.

"Miaka kumi na tisa mume wangu alisimama. Miguu ikavimba, mkamcheka, akakubali kuchekwa."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilitaka liondoke tu uani kwangu."

"Linamlimia nani?"

"Hatukuwahi kujua. Alikaa wiki moja, mwanzoni kabisa. Aliniambia shamba halina mwisho, na waliomo hawasemeshani." Akashusha sauti. "Anayekaa wa mwisho ndiye anayechukuliwa. Ukikaa baada yake, yeye anaachiwa."

"Kwa hiyo mjomba aliachiwa. Nani alikaa baada yake?"

Bibi akaivuta sinia tena, vidole vikatafuta maharage.

"Binti yetu," bibi akanong'ona. "Alikuwa anacheza tu."

Miaka yote ukoo ulijua wale wawili hawakujaliwa mtoto. Hakuna picha. Hakuna hata aliyewahi kumtaja.

"Tulipokivunja kile kiti, yeye alikuwa bado kule. Siku ya pili hata mama yangu mzazi aliniuliza, binti gani?"

Mama Pacha alirudi nyumbani mbio, kanga inamdondoka. Alikuwa ameshaamua. Angekaa yeye, mumewe apumzike, mengine wangeyajua kesho.

Mlangoni akasikia kicheko.

Mumewe alikuwa mezani, anakula kwa mikono miwili, mashavu yamejaa damu.

"Mama Pacha! Njoo uone mtu aliyefufuka! Mwili umekuwa mwepesi ghafla, kama nimetuliwa mzigo."

"Tangu... saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Watoto walinisumbua wanakutafuta, nikajikokota nao mpaka bandani. Nikawapandisha kwenye trekta mmoja mmoja. Walivyofurahi!"

"Nani alipanda wa mwisho?"

"Eh?"

"Baba Pacha. Wa mwisho nani?"

"Mdogo. Alikataa kushuka, mpaka nikambeba. Kalala hata hajala, kachoka kweli."

Mama Pacha aliingia chumbani. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Alimwita. Akamtikisa. Kope hazikucheza. Akamnyanyua na shuka lake, akampitisha mbele ya baba yake.

"Unampeleka wapi usiku huu?"

"Kaa na mwenzake. Usimwache hata kidogo. Na asubuhi, kabla ya chochote..." Akamkaza mtoto kifuani. "Kabla ya chochote, muulize mama yake anaitwa nani."

Bandani alimlaza mtoto juu ya gunia. Akapanda. Kiti kilikuwa kipana mno kwake, kimepimwa kwa mgongo wa mwingine.

Akakaa.

Pale kwenye gunia, mtoto akageuka ubavu, akavuta pumzi moja ndefu, akaanza kukoroma taratibu kama mtoto yeyote.

Mama Pacha akataka kushuka. Mikono yake ilikuwa tayari inauma.