Bomba la Mrututu la Mzee Kornel

Krismasi ya mwaka tisini na saba, kaka yangu Basili alifika nyumbani Mwika akiendesha gari huku kichwa chake kiko nje ya dirisha. Mvua za El Nino zilikuwa zinamwagika, na gari lake la Kiingereza, kuukuu linalomkaribia yeye mwenyewe kwa umri, lilikuwa limesimamisha waipa za kufuta kioo katikati ya mlima. Alishuka uso mzima tope. Mdogo wetu Denis alikuwa barazani na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Alicheka mpaka akaimwaga.

"Gari lina mtoto wa jicho," aliwaambia majirani. "Kaka, lipeleke kwa daktari wa macho kabla halijatuulia mbuzi."

Watu wakacheka. Basili hakucheka. Aliosha uso kwenye ndoo, akala ndizi zake, akateremka mjini siku hiyohiyo.

Niseme mapema: sikuwapenda sana kaka zangu hawa wawili, na wao hawakupendana hata kidogo. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la ukoo. Denis alibaki. Basili alishuka Moshi na kinyongo chake, akafungua gereji Majengo. Mimi, Salvina, niliolewa Kirua Vunjo, na hakuna aliyekumbuka kunigawia hata mwiko.

Sasa, tatizo la waipa zile lilikuwa hivi. Hazikutumia umeme. Zilivutwa na injini yenyewe kwa mpira mwembamba, kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Gari likiteremka, injini inavuta kwa nguvu na waipa zinacheza kama zimelewa. Likipanda na ukakanyaga mafuta, injini inakosa nguvu ya kuvuta. Waipa zinazubaa, kisha zinasimama. Kwa mtu wa tambarare hilo si neno. Sisi tunaoishi na mvua na mlima pamoja, ni balaa.

"Nahitaji tangi lisilovuja hewa hata tone," Basili aliniambia Januari nilipomtembelea. "Gari likiteremka, injini inalinyonya mpaka linabaki tupu kabisa. Likipanda, ule utupu ndio utakaovuta waipa. Gladness anaolewa Mei, Salvina. Binti yangu atapelekwa kanisani Mwika na gari hili, kwenye mvua, mbele ya geti la Denis."

"Tafuta tangi basi."

"Hakuna lililo imara kama bomba la baba."

 Bomba lile la shaba baba yetu, Mzee Kornel, alilibeba mgongoni miaka arobaini akipulizia kahawa mrututu, ile dawa ya bluu. Ilimwingia kwenye kucha, halafu ikamwingia kifuani. Wiki yake ya mwisho nilimuuguza mimi, kwa hiyo pumzi zake nazijua. Mbili fupi, moja ndefu, kisha kimya, mpaka unadhani ameshaondoka. Kisha zinaanza tena.

Siku ya kugawa vitu vyake, Baba Mkubwa Ebenezeri, kaka wa marehemu, alitemea mbege kila kitu kukibariki na kukitajia jina la mtu atakayekichukua. Jembe likatajiwa, blanketi likatajiwa. Alipofika kwenye bomba, Basili alidaka mkanda, Denis akadaka mpini, wakavutana mbele ya wageni kama watoto. Mzee akaweka kata yake chini.

"Basi hili halina jina," alisema. "Limebaki la marehemu mwenyewe."

Likapandishwa darini, juu ya jiko, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeligusa.

Nililishusha mimi. Denis alikuwa gulioni. Nilipanda darini, nikalifunga kwa majani ya migomba, nikalifikisha Majengo limejificha chini ya mkungu wa ndizi. Nilitaka siku moja Denis afunge mdomo wake, basi. Wala sikumwambia Basili kitu kilichonishtua kule juu: kila kitu kilikuwa kimekauka kwa moshi, lakini mdomo wa bomba ulikuwa umelowa.

Basili alitoa vyote vya ndani, akachomelea palipohitaji, akaweka valvu ya kupitisha hewa upande mmoja tu, akalifunga chini ya boneti. Tulijaribu siku ya mvua, tukipanda kutoka mjini. Waipa zilifuta kioo kikavu kabisa. Tuliporudi gereji akazima injini. Waipa zikaendelea kufuta.

"Ni utupu uliobaki kwenye tangi," alisema, akipigapiga boneti kwa raha. "Nimelipa gari mapafu."

Nilicheka naye. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya bluu, nami nikasema moyoni, ni mrututu uliogandia ndani, utatoka kwa sabuni.

Wiki ya Pasaka, jirani yake Maulida alikuja gerejini amebeba paka wake aliyezoea kulala juu ya boneti kupata joto. Paka alikuwa amekufa mdomo wazi, ulimi wa bluu.

"Baba Gladness, paka wangu hakuumwa."

"Mama Nurdin, paka hufa."

"Hufa, najua." Alimnyanyua kwa vidole viwili tu. "Lakini hawi mwepesi hivi. Kitu chako kimemnyonya."

Basili alimwambia asilete mambo ya uswahilini kwenye kazi ya watu. Maulida akatema mate chini, akaondoka, na tangu siku hiyo hakumwamkia.

Jumamosi ya harusi, Denis alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba watu wa gereji wasikanyage uwanja wake. Tuliondoka Moshi saa nne asubuhi. Basili peke yake mbele, mimi na bibi harusi nyuma, kwa kuwa shangazi ndiye anayemsindikiza. Gladness alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwenye afya, hajawahi kuugua kifua. Mpaka Himo tulikuwa tunaimba.

Pale ndipo mlima ulipoanza, na mvua nayo. Basili alibadili gia, akakanyaga mafuta. Waipa hazikuzubaa hata kidogo.

"Ona, Salvina! Ona zinavyokwenda! Leo Denis atakula maneno yake."

"Shangazi," Gladness alisema, "fungua dirisha kidogo."

Nikafungua.

"Fungua."

"Liko wazi, mwanangu."

Tulikuwa tumeiacha lami. Ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, ukawa mweupe kila upande, na kushoto kwetu korongo. Gladness alishika mkono wangu. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Nikadhani ni gauni limembana, nikafungua vifungo vya mgongoni. Haikusaidia.

Hapo ndipo nilipozisikia waipa.

Fu. Fu. Fuuu.

Kimya.

Fu. Fu. Fuuu.

Mbili fupi, moja ndefu.  Nilikuwa nimeikalia pumzi ile wiki nzima, usiku na mchana, nikiushika mkono wa baba.

"Basili," nilinong'ona. "Zima waipa."

"Sioni njia!"

"Zima!"

Akazima. Gladness akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka majini. Kioo cha mbele kikawa ukuta wa maji. Gurudumu la kushoto likateleza, nikaona vilele vya migomba vikiwa chini yetu. Basili akawasha. Gari likarudi njiani. Gladness akakabwa tena.

Basili alinitazama kwenye kioo kidogo cha dereva. Alikuwa ameelewa.

Akazima tena, akajikokota kwa kubahatisha mpaka kwenye kipande cha tambarare chini ya geti la Denis. Akavuta hendibreki, akazima injini. Mvua ikabaki peke yake.

Fu. Fu. Fuuu.

Swichi imezimwa. Injini imezimwa. Waipa zinakwenda. Basili aliruka nje, akainua boneti, akachomoa mpira kwenye bomba. Uliganda kwenye kiganja chake, ukimvuta ngozi. Waipa hazikusimama. Gladness alikuwa ananitazama, macho yamemtoka, bila sauti yoyote.

Nilikimbia na viatu vyangu vya harusi mpaka kwa Baba Mkubwa Ebenezeri, nyumba ya pili kutoka kwa Denis. Sikumbuki kama nilimwamkia. Nilisema tu, "Bomba." Hakuuliza swali. Alichuma uani jani la masale, lile la kuombea msamaha, akachota mbege, akateremka mbio na miaka yake themanini. Denis alishatoka getini, mikono kifuani.

"Nilisema halitapanda," alisema. Kisha akaona kilichomo chini ya boneti. "Nani alilitoa darini kwangu?"

Mzee alimsukuma pembeni. Alilifunga jani la masale fundo, akaliweka juu ya bomba, akatugeukia. Aliongea polepole, karibu ya kunong'ona.

"Nataka jina la mkono uliolishusha. Nitamwombea huyo. Nitajieni la kweli. La uongo marehemu hulipokea pia, lakini halimshibishi."

Basili alinitazama. Denis naye alinitazama, akisubiri. Miaka yote alikuwa akisubiri apate cha kunifukuzia pale nyumbani, na mimi sikuwa na kwingine pa kumlilia baba yangu. Sekunde mbili tu nilikuwa nazo. Ningeweza kusema ni mimi.

"Basili," nilisema.

Kaka yangu alifumbua mdomo. Akamtazama binti yake ndani ya gari. Akaufumba.

"Ni mimi, Baba Mkubwa," alisema. "Fanya haraka."

Mzee akatema mbege mara nne, akalitaja jina la Basili. Waipa zikasimama katikati ya kioo. Gladness akalia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Alifunga ndoa saa moja baadaye. Basili aliliendesha gari mpaka kanisani kichwa chake kikiwa nje ya dirisha, kama ile Krismasi. Safari hii Denis hakucheka.

Wiki ya tatu baada ya harusi Basili alilala kitandani. Madaktari walimpima kifua wakasema ni kizima. Nilimuuguza mimi, na kila pumzi niliijua kabla haijafika. Kucha zake zilikuwa za bluu. Hakunitaja kwa mtu yeyote. Ila kila nilipoingia na uji, alinigeuzia uso ukutani, mpaka siku alipofariki.

Bomba tulilizika miguuni pa kaburi la baba. Gari lilikatwakatwa likawa chuma chakavu. Gladness ana watoto wawili, mzima kabisa, na bado ananiita shangazi yake aliyemwokoa. Namwacha aniite hivyo. Naona aibu kubwa, lakini namwacha.

Mimi niko Kirua Vunjo, mjane, nalala peke yangu. Asubuhi za mvua vioo vya nyumba yangu hupata ukungu. Mwaka wa kwanza ilikuwa kioo cha jikoni: nusu duara zimefutwa safi, kingo zake za bluu. Mwaka uliofuata ikawa sebuleni. Masika haya ni chumbani. Nilitoka nje na kitambaa nizifute. Nilisugua mpaka mkono ukauma, ndipo nilipogundua kwamba ziko upande wa ndani, usawa wa mto wangu. Ni tatu. Mbili fupi, moja ndefu.