Rubani Aliyekuwa Kihonda

Basi lilipasuka tairi Mikese, abiria wakamwagika barabarani kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Wauza machungwa wakawazingira. Shamimu hakukubali kuliacha sanduku lake jeusi ndani. Alilikumbatia palepale juani, mtandio wake wa njano umeteleza mpaka mabegani.

"Dada, cherehani hiyo?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooka, chungwa mkononi.

"Cherehani nimeshaacha. Hii ni droni."

"Na rubani wake yuko wapi?"

"Unamtazama."

Kijana akasahau kutafuna. "Una leseni?"

"Kwani wewe trafiki?"

Alicheka mpaka maji ya chungwa yakamchuruzika kidevuni. Akajitambulisha: Halidi, mtu anayewatafutia watengeneza filamu kila wanachotaka, kuanzia gari mpaka mbuzi. Mwezi huo alitafuta rubani wa droni kwa tamthilia itakayopigwa picha milimani Uluguru.

"Wenye droni wamejaa mjini, wanarusha kwenye harusi," alisema. "Wenye leseni nimewatafuta mpaka soli zimeisha."

Akaomba namba, akisema ni ya kazi. Walipofika stendi ya Msamvu, wote wawili walishajua kwamba kazi ni kisingizio.

Miezi miwili simu haikupoa.

"Rubani wangu, umetua?"

"Nimetua. Nakula."

"Unakula nini bila mimi?"

"Amani."

Halidi akaomba nakala ya leseni ili ashughulikie kibali cha kurusha. Shamimu akamtumia. Haikupita dakika, simu ikaita.

"Mbona kwenye picha umenuna? Nani alikuudhi?"

"Sikuwa nimekujua bado."

"Ungenijua ungecheka?"

"Ningenuna zaidi."

Leseni ile Shamimu aliihangaikia. Alishona sare kiwandani miaka minne, mgongo ukapinda, ndipo akaenda kuisomea. Hakuwa na shamba wala nyumba. Alikuwa na hiyo.

Siku za kupiga picha zikafika, wakapanda mpaka juu Mgeta. Ukungu nao ukapanda, ukakaa siku tatu. Mwongozaji wa tamthilia akawa anatembea huku na huku, anapiga mateke mawe. Chini ya kilima, wakulima wameinama kwenye kabichi zao. Unawasikia wakiongea, huwaoni.

"Sirushi," Shamimu akasema mbele ya wote. "Chombo nisichokiona kwa macho yangu sikirushi, na chini kuna watu."

Halidi akamvuta pembeni. Akamfungia zipu ya koti mpaka shingoni, polepole, kama anamvisha mtoto.

"Uko sahihi, mpenzi. Tumeahirisha mpaka wiki ijayo. Nenda nyumbani ukapumzike."

Shamimu akashuka mlima moyo mweupe. Amepata mwanaume wa kusimama upande wake mbele ya mabosi! Furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumuuma kuliko mengine yote.

Kesho yake mchana, nyumbani kwake Kihonda, alikuwa anaanika nguo simu ikaita.

"Wewe ndiye Shamimu? Mimi mtendaji wa kijiji, huku Mgeta. Njoo umwone mama uliyemwangushia mdege wako."

"Mdege gani, baba?"

"Njoo."

Aliingia ndani mbio, akafungua sanduku. Droni yake imelala, imekunja mabawa.

Alipofika ofisi ya kijiji, vumbi la bodaboda limemjaa kwenye nyusi, alikuta kibali mezani kina jina lake na namba yake ya simu. Kwenye benchi amekaa mama aliyeangukiwa, Mama Regina, mkono umefungwa kipande cha kanga kilicholowa damu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lakini wewe siye. Aliyerusha ni mwanaume, wenzake wanamwita Hamza. Chombo kilipoanguka wakajazana garini, wakaniacha na kabichi zangu."

Hamza. Shamimu alimjua: mpiga picha za harusi wa mtaa wa Mwembesongo, leseni hana hata ya kuazima.

"Mimi najua jina la kwenye karatasi," akasema mtendaji, Mzee Godfrey. "Watu wa mamlaka ya anga wanataka maelezo leo. Ni wewe au siye?"

Kabla hajajibu, Halidi akapiga. Shamimu akatoka nje.

"Mpenzi, usiseme chochote."

"Uliniambia mmeahirisha."

"Mwongozaji alinibana! Ilikuwa dakika kumi tu."

"Kwa jina langu."

"Ndilo lililokuwa kwenye kibali, ningefanyaje? Sikiliza. Sema ulirusha wewe, upepo ukakuzidi. Mwenye leseni wanamwonya tu. Sisi wengine ni kesi."

"Na wakininyang'anya?"

Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya usiku wa simu ndefu. "Nitakuoa, Shamimu. Wiki hii naleta wazee kwenu. Hutahitaji kurusha tena."

Moyo, mjinga huo, ukaruka. Neno hilo alilisubiri miezi miwili. Mlangoni alimwona Mama Regina anajaribu kukaza kanga kwa meno.

"Halidi, kile chombo kisingeanguka, ungeniambia lini?"

"Sasa ningekuambia nini, wakati hakuna kilichoharibika?"

Siku nzima hiyo, hilo ndilo neno pekee la kweli alilolisema. Shamimu akakata simu.

Akaingia, akapiga magoti, akaifungua kanga na kuifunga upya vizuri. Halafu akavuta kiti.

"Andika, baba. Sikurusha mimi. Nilikuwa Kihonda. Aliyemleta Hamza ni Halidi."

Mzee Godfrey aliandika taratibu, midomo ikifuata kalamu. "Huyo Halidi ni nani wako? Hapa lazima nijaze."

Simu ikaanza kuita tena. Shamimu akaizima.

"Mchumba wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu niliposimama pale nje."

Mzee akainua uso. "Na sasa?"

"Sasa imeisha. Haikufika dakika tano."

Mtendaji akakohoa, akainama kuandika vilevile alivyoambiwa.