Mogire Ainua Macho

Jumanne, tarehe 9 Machi 1971, ndiyo siku nyumba ya mzee Ogari ilipoharibika. Asubuhi ile mkewe Kwamboka alijitwika mkungu wa ndizi, akashika njia ya soko la Mosocho. Ogari alikuwa nyuma yake na mkungu wa pili. Lori likatokea kwenye kona, likamgonga Kwamboka akafa, likaenda zake.

Katika kituo cha polisi Ogari aliambiwa, "Mzee, gari letu halina petroli. Rudi kesho." Alirudi kesho yake, na siku nyingine tena. Mwishowe wakamwambia hakuna aliyeona kitu. Yeye mwenyewe hawakumuuliza aliona nini.

"Petroli ya kwendea mikutano wanayo," Ogari alizoea kusema. "Ya kuja kutazama damu ya mama muuza ndizi, hawana."

Mwanawe Mogire alikuwa askari polisi wa kawaida kule Keroka. Mwaka uliofuata aliomba kazi ya upelelezi. Ogari hakuwa na hamu nyingine duniani. Alitaka nyumba yake itoe angalau mtu mmoja wa kuuliza.

Lakini Mogire alirudi kutoka kwenye usaili Kisumu amenywea.

"Wamekunyima?" Ogari aliuliza.

"Wamenipa nafasi moja tu nyingine, Tata. Mwezi ujao." Tata ndivyo Abagusii wanavyomwita baba.

"Kwani walikuuliza nini?"

"Mkubwa alitaka nieleze kile chumba. Mezani kuna nini, aliye kando yake amevaa nini. Sikujua."

"Hukujuaje, na ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa nimeangalia chini."

Ndivyo watoto wa kwao wanavyolelewa. Kuna chinsoni, yaani haya kati ya mzazi na mtoto. Kijana hamkazii macho mtu wa rika la baba yake, wala hamhoji.

Wakamwendea jirani yao Yakub. Alikuwa mpelelezi miaka mingi, akastaafu, akafungua duka la vitambaa pale Mosocho. Yakub aliketi nyuma ya meza ya kukatia nguo, akakunja uso kama mkubwa.

"Haya, ingia unisalimu."

Mogire akasalimu, macho sakafuni.

"Wewe! Mimi niko huku juu. Huko chini kuna viatu tu."

"Na vyenyewe vimetoboka, Bwana Mkubwa," akasema Roda, mke wa Yakub, akicheka.

Yakub hakucheka. "Sikia, mwanangu. Nyumbani kuinama ni heshima. Mbele ya wale, heshima ni kumtazama anayekuuliza, lakini usimkodolee kama unataka ugomvi. Ukiingia, pitisha macho chumba chote. Ulichoona, sema umeona. Ulichosikia, sema umesikia. Usichojua, sema sijui. Mpelelezi anayebuni humfunga mtu asiye na hatia."

"Na wakitaka nihoji shahidi?"

"Shahidi si huyo? Mhoji baba yako, juu ya siku ile ya Machi."

"Tata? Hapana, mzee. Haiwezekani."

Roda aliacha kucheka. Mogire alitazama magoti ya baba yake, akashindwa kupanda zaidi.

"Inua macho!" Ogari alifoka. "Mwaka mzima nangoja mtu aniulize!"

Mogire akainua macho. "Uliona nini, Tata?"

"Lori la kijani. Turubai lilikuwa limechanika upande wa kulia."

"Dereva ulimwona?"

"Sikumwona. Alikuwa mlevi."

"Ulijuaje?"

"Watu walisema."

"Basi hilo ulisikia. Kando yake palikuwa na mtu?"

"Palikuwa na mtu wa kofia nyeupe. Aligeuka nyuma, akatuona pale barabarani. Kisha lori likaongeza mwendo."

Mogire alikuwa hajalisikia hilo. "Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mwanangu, kukusimulia mama yako alivyolala?"

Walifanya mazoezi kila Jumapili. Mwezi ulipofika, Mogire alirudi Kisumu, shati limepigwa pasi, macho juu.

"Umeona nini humu?" mkubwa aliuliza.

"Saa ya ukutani imesimama, afande. Dirisha moja halina kioo."

"Nani aliiharibu saa?"

"Sijui, afande. Nimeona tu kwamba haitembei."

Mkubwa na aliye kando yake wakatazamana. Mogire akapewa kazi.

Majirani walikuja kumpongeza Ogari. Aliwapa chai, yake akaiacha ikapoa. Migombani kaburi la Kwamboka lilikuwa limeota nyasi.

Mogire aliporudi nyumbani, alikwenda na baba yake hadi kituoni. Askari wa zamani walikuwa wamehamishwa. Mkubwa mpya alipiga miayo. "Hayo mambo yameshapita, kijana. Hakuna aliyeona."

"Yuko aliyeona, afande. Ni huyu hapa."

Mkubwa akageukia dirisha. Mogire hakuangalia chini. Kwa adabu, na baba yake akisikia, akauliza:

"Yule mtu wa kofia nyeupe, aliyegeuka nyuma akamwona mama yangu, alikuwa nani?"