Damu Kwenye Kizingiti

Uji ulikuwa mweupe, wa mchele wa Kahama, lakini Jilala aliunusa akausukuma.

"Mama Kulwa, umetia damu humu?"

Paskalina alicheka. Mumewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu Geita, na wachimbaji hutania hata kaburini. Akauonja. Uji ulikuwa uji. Ila jioni ugali nao ukamnukia Jilala damu, kesho yake maji, na kufikia Jumapili mbavu zilikuwa zimemtoka, amekaa mlangoni akitema mate kama mja mzito.

"Baba Kulwa, mmefanya nini huko machimboni?"

"Si machimboni." Akashusha sauti. "Shinyanga, kwenye lile hekalu la Wahindi, karibu na kinu cha pamba kilichokufa. Duara letu, shimo letu la dhahabu, halikutoa kitu. Wenzangu wakasema mungu wa matajiri anajua kutajirisha. Tukampelekea mbuzi."

"Mkamwacha hapo?"

"Tukamchinja kizingitini. Mimi ndiye niliyeshika kisu."

Paskalina hakumlaumu. Baba yake mwenyewe aliwahi kumwaga damu mdomoni mwa shimo kabla ya kuchimba. Mtu huomba kama alivyofundishwa. Wakapanda basi la Shinyanga.

Walimkuta mlinzi wa hekalu, mzee Salmini, akisugua kizingiti kwa majivu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nyie ndio wenye mbuzi?" Hakuwa na hasira. "Wenye hekalu hili ni Wajaini, wanangu. Hawaui hata sisimizi. Watawa wao hufagia njia kabla ya kukanyaga. Nanyi mkawaletea mbuzi! Ni kama nikuchinjie mwanao sebuleni, kisha nikwambie, pokea zawadi."

Jilala alijaribu kucheka, akaishia kukohoa.

Salmini akawafungulia mlango waone. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu ya marumaru, ukuta wa nyuma uko hatua chache tu. Akaufunga tena kwa kufuli.

"Jiwe hili la kizingiti lilitoka Gujarati kule India, kwenye mlima wa mahekalu. Mahujaji hupanda asubuhi, na jua halizami wakiwa juu, maana usiku mlima ni wa mlinzi wake asiyeonekana. Bwana aliyejenga hapa alinihadithia kwamba mfalme mmoja aliua paa kule juu. Mlinzi hakumgusa. Ila kila chakula kikawa damu kinywani mwake, mpaka alipomwomba paa msamaha."

"Akasamehewa?" Paskalina akauliza.

"Yeye alisamehewa. Lakini msamaha ni wa aliyeuawa kuutoa, mama. Mlinzi kazi yake ni kumwita tu."

"Mbuzi tumeshamla, babu," Jilala alinong'ona.

"Piga magoti uombe. Usipoomba, mwanangu, utakufa njaa na chakula mbele yako."

Jilala akapiga magoti kwenye jua la mchana, akaweka paji la uso kwenye mlango. "Ni mimi niliyeshika kisu. Nisamehe."

Kwanza ikaja harufu, ya manyoya yaliyolowa, kisha ndani ya chumba kile walichokiona kitupu ikaanza kusikika sauti ya kwato juu ya marumaru, moja, halafu nyingine, zikija polepole kama mnyama anayeujua mwendo wake, zikaja mpaka nyuma ya mbao zenyewe, zikasimama, na chini ya mlango pumzi yenye joto ikapeperusha vumbi kwenye magoti ya Jilala.

"Sema tena, Baba Kulwa," Paskalina alinong'ona. "Anakusikia. Sema!"

Akasema tena, akilia, akatia na Kisukuma, akawataja watoto wake pacha, akaahidi kwamba kisu hatakishika tena maisha yake yote, na nyuma ya mlango ile pumzi ikatulia, ikasikiliza mpaka neno la mwisho.

Kisha kwato zikageuka.

Zikaondoka bila haraka, zikaupita ukuta wa nyuma, zikaendelea kwenda, na mate kinywani mwa Jilala bado yalikuwa na ladha ya damu.