Gesi Isiyonuka

Jumamosi mchana. Chumba cha nyuma ya bucha, Iringo.

Magige alipanga wizi huku anakula utumbo. Alichovya kidole kwenye mchuzi, akachora mezani: hapa ziwa, hapa kituo, hapa boti. Nzi wakatua kwenye ramani. Akairamba pembeni alipokosea, akaendelea kuchora. Mtu mzima, jamani!

"Meli imeshusha gesi juzi," akasema. "Kituo kimejaa pomoni. Kesho walinzi wanaendaga misa, anabaki mmoja. Ghati atamkalisha jikoni na chai. Kengele ya pili ya kanisa ikilia, Ghati anafungua koki. Sisi tuko chini na mitungi. Jioni mzigo uko Bunda, mama ntilie wanagombania."

Kituo chenyewe kilielea nje kidogo ya bandari ya Musoma, tishari la chuma lenye matangi. Gesi ililetwa ikiwa imepozwa mpaka ikawa maji. Hapo ikapashwa, ikarudi hewa, ikasukumwa kwa bomba hadi viwandani. Ghati alikuwa mpishi wa kituo.

"Bosi, hiyo ya maji inaingia kwenye mitungi yetu hii?" aliuliza Gasper, mwendesha boti.

"Gesi ni gesi! Mimi nilikuwaga nanyonya dizeli ya malori Kiabakari kwa mdomo huu. Leo mtanifundisha kazi? Ikivuja tutanusa. Isiponuka, haivuji. Kula."

Ghati aliisukuma sahani yake pembeni. Alijua. Siku ya mafunzo, fundi alichovya sato kwenye yale maji ya gesi, akamgonga na nyundo. Samaki akavunjika kama sahani. Tena fundi akasema hii haijatiwa ule uvundo wa mitungi ya nyumbani. Ikikuzunguka, hujui. Cheche moja, kwisha habari.

Alijua, akafunga mdomo makusudi. Sababu ilikuwa imekaa palepale, inammiminia Magige maji ya kunawa. Rafaeli, mdogo wake Ghati wa tumbo moja. Mwaka jana, wizi ulipoharibika, Magige alimwacha Bunda mikononi mwa wananchi wenye hasira, mwenyewe akachomoka na pikipiki. Walimng'oa meno ya mbele kwa mateke. Alipopona akarudi kwa nani? Kwa Magige! Na bado anamwita bosi. Inatia kichefuchefu.

"Nafungua kwa sharti," Ghati akasema. "Rafaeli hapandi boti. Anaenda kwa mama, Butiama, leo hii. Na baada ya kesho humwiti tena."

"Dada yangu, haki ya Bikira Maria." Magige akafanya ishara ya msalaba kwa kidole chenye mafuta.

Baada ya kesho hutamwita mtu yeyote, Ghati akawaza. Gasper, mwendesha boti, Ghati hakumfikiria kabisa. Gasper aliyekuwa akimvusha bure kila siku ya soko.

Jumapili. Kengele ya kwanza.

Gasper alikuja ufukweni na koti kuukuu. Ndani yake shati jeupe, limepigwa pasi. Mkewe, Dorotea, alikuwa anaongoza kwaya siku hiyo.

"Tukimaliza naunganisha kanisani," akasema.

Magige akapenga kamasi, akajifuta kwenye mtungi. Rafaeli alikuwa amesimama pembeni. Butiama hakwenda. Magige alimwambia asiende, akatii.

"Ingia."

"Bosi, dada alisema..."

"Dada yako ndiye atashika mpira wa gesi huku chini? Ingia. Ukiwa humu, hatatuuza."

Rafaeli akaingia. Wala hakununa. Alifurahi kuhitajika.

Kengele ya pili.

Mlinzi aliyebaki alikuwa jikoni na chapati ya tatu. Ghati alipita ubavuni mwa kituo hadi kwenye koki ya chini. Mpira alikwisha kuufunga. Boti ilijibana chini ya tumbo la tishari, hakuiona. Alisikia tu mtungi ukigonga mtungi.

Akafungua.

Mpira ukakakamaa. Ukafanya ukungu mweupe, ukaanza kulia kaka-kaka. Ghati alihesabu kichwani watu wawili kule chini. Magige na Gasper. Hapo ndipo Gasper alipomjia akilini.

"Bosi, mbona hainuki?"

Sauti ya tatu. Maneno yanapuliza upepo kwenye pengo la meno.

"Rafaeli! Ruka! Rukia upande wa ziwa!"

Akaishika koki. Ilikuwa imeganda barafu. Kiganja kikanasa kwenye chuma. Akazungusha hivyohivyo, akipiga kelele, mpaka ikafunga. Ngozi ilibaki pale.

Lakini chini mpira ulikwisha kukatika kama kijiti kikavu. Maji ya gesi yalimwagika juu ya mapaja ya Gasper. Mtungi ukapasuka wenyewe. Wingu jeupe likajaa botini. Rafaeli akaruka.

"Washa mashine!" Magige akabweka.

"Gasper, usiwashe!"

Gasper alitazama juu, sauti ya Ghati ilikotoka, akamtazama bosi. Miguu ilikuwa imeganda, haikuwa yake tena. Maisha yake yote alitii aliyepiga kelele karibu. Akavuta kamba ya mashine. Magige, mtoa amri, alikuwa tayari majini.

Moto ulimeza boti nzima.

Kengele ya tatu haikupigwa. Watu walikuwa wamejaa ufukweni, polisi nao, na Ghati ameshaletwa kutoka kituoni. Dorotea alifika mbio na joho la kwaya.

"Gasper wangu mmemwona?"

"Hatukuwa naye," Magige akajibu. Nyusi zimeungua, uso mkavu. Rafaeli alikuwa ubavuni pake, amelowa chapachapa.

"Nani alifungua koki?" askari akauliza.

Magige hakusema. Alimtazama Rafaeli tu.

"Yule." Rafaeli akanyoosha kidole. "Dada yangu. Alinikataza nisipande. Alijua! Alitaka kutuua."

Ghati aliutazama ule mkono. Vidole vyote vipo. Chake kiganja kilikuwa kimefungwa kwa kanga, inavuja damu.

"Ni kweli," akasema. "Nilijua. Na Gasper alikuwemo, Dorotea. Nisamehe. Rafaeli, mdogo wangu, toka hapo alipo huyo mtu. Njoo huku."

Blanketi lilikuwa moja, la polisi. Magige akainua upindo. Rafaeli akajisogeza ndani.

Ghati akainama, akatapika.